Kusakinisha vitegemezi vya kukompaili programu huria kwenye distro mbalimbali za Linux: mwongozo kamili

Umepakua msimbo chanzo wa programu, ukaandika `make` ili kuukompaili (kuugeuza kuwa programu inayoendeka), maandishi yakapita mbio kwa nusu dakika, kisha kila kitu kikasimama hapa:

```
main.c:12:10: fatal error: zlib.h: No such file or directory
   12 | #include <zlib.h>
      |          ^~~~~~~~
compilation terminated.
```

Wengi wakifika hapa hunakili kosa zima, hulitafuta mtandaoni, hukutana na jibu la miaka kumi iliyopita linalotaja kifurushi ambacho hakipo tena, halafu hubandika amri tano mfululizo wakiomba mojawapo ikubali. Nimefanya hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi nasoma jina la faili lililotajwa ndani ya kosa, kisha naiuliza distro (aina ya Linux ninayotumia, kama Ubuntu au Fedora) yenyewe: faili hii inaletwa na kifurushi gani? Karibu distro zote kubwa zina namna ya kujibu swali hilo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuliuliza vizuri, au ya kulikwepa kabisa pale mtu mwingine alipokwisha kulijibu.

## Maktaba ninayo, mbona haionekani?

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayeanza. Maktaba ni msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja; zlib, ya kubana data, ni mojawapo. "Zlib ninayo! Nusu ya programu za kompyuta hii zinaitumia." Ni kweli unayo, ila unayo nusu yake. Distro nyingi huigawa maktaba moja katika vifurushi viwili. Cha kwanza ni cha kuendeshea: ndani yake mna faili kama `libz.so.1`, ambayo programu zilizokwisha kukompailiwa huitafuta zinapowashwa. Cha pili ni cha kukompailia, nacho kina vitu vitatu: heda (`zlib.h`, faili inayoieleza kompaila yaliyomo kwenye maktaba), kiungo `libz.so` kisicho na namba mwishoni, na faili ndogo `zlib.pc` inayoeleza maktaba imekaa wapi na ni toleo gani.

Kwenye Debian, Ubuntu, Mint na jamaa zao, kifurushi cha pili huishia na `-dev`. Alpine nayo hutumia `-dev`. Fedora, familia ya Red Hat, openSUSE na Void hutumia `-devel`. Arch na Gentoo kwa kawaida hazigawi: ukisakinisha zlib umepata vyote. Ndiyo maana mtumiaji wa Arch humwambia mwenzake wa Ubuntu "sakinisha openssl tu", na mazungumzo yakaishia kwenye lawama.

Mgawanyo huohuo unaeleza kosa hili, ambalo huwachanganya watu kuliko lile la heda:

```
/usr/bin/ld: cannot find -lz: No such file or directory
```

`-lz` ni ufupisho. Weka `lib` mbele na `.so` nyuma, jina la faili unalo: `libz.so`. Vivyo hivyo `-lssl` ni `libssl.so`, na `-lncursesw` ni `libncursesw.so`. Unayo `libz.so.1`, lakini `ld`, zana inayounganisha programu na maktaba, haitaki hiyo. Inataka ile isiyo na namba, ambayo iko kwenye kifurushi cha kukompailia.

## Zana za msingi kwanza

Kabla ya maktaba yoyote, unahitaji kompaila na wasaidizi wake. Kama umekalia mashine usiyoijua, `cat /etc/os-release` itakuambia ni distro gani. Mstari wa `ID_LIKE` hutaja ukoo wake, na ukoo ndio muhimu.

Debian na Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential pkg-config git autoconf automake libtool cmake meson
```

`build-essential` ndiyo inayoleta gcc, g++, make na heda za maktaba ya C. Usiruke `apt update`, hasa ndani ya konteina mpya (mfumo mdogo wa Linux uliotengwa ndani ya mashine yako), maana humo orodha ya vifurushi huwa tupu na utaambiwa kila kitu hakipo.

Fedora:

```
sudo dnf group install c-development development-tools
sudo dnf install pkgconf-pkg-config cmake meson
```

Angalia mtego hapa. Jina `development-tools` linakufanya udhani limebeba kila kitu, lakini kwenye Fedora kompaila za C na C++ zimo katika kundi la `c-development`. Kwenye RHEL, Rocky na AlmaLinux, kundi la "Development Tools" linazo kompaila, kwa hiyo maelekezo ya upande mmoja hayafai moja kwa moja upande wa pili.

Kwa Rocky na AlmaLinux kuna hatua ya ziada ambayo watu wengi hawaambiwi: vifurushi vingi vya `-devel` vimewekwa kwenye hazina (ghala la vifurushi) iitwayo CRB, nayo huja ikiwa imezimwa. Iwashe kwanza, na uongeze EPEL, hazina ya vifurushi vya ziada, ukiwa hapohapo:

```
sudo dnf install dnf-plugins-core
sudo dnf config-manager --set-enabled crb
sudo dnf install epel-release
```

Kwenye toleo la 8 hazina hiyo iliitwa `powertools`. Ukiona dnf inasema haina kifurushi cha `-devel` ambacho kwenye Fedora kipo, sababu huwa hii mara tisa kati ya kumi.

openSUSE:

```
sudo zypper install -t pattern devel_basis
sudo zypper install gcc-c++ git cmake meson
```

Arch na Manjaro:

```
sudo pacman -Syu --needed base-devel git cmake meson
```

Nimeandika `-Syu` makusudi. `pacman -Sy kifurushi` hupakua orodha mpya bila kusasisha mfumo, na kifurushi kipya hicho kinaweza kudai toleo la maktaba ambalo programu zako nyingine bado hazijahamia. Ukitaka kuharibu Arch kwa amri moja fupi, ndiyo hiyo.

Alpine:

```
apk add build-base pkgconf git autoconf automake libtool cmake meson linux-headers
```

Void ina `xbps-install base-devel`. Gentoo tayari ina kila kitu, kwa kuwa bila kompaila isingekuwa Gentoo.

Usidharau `pkg-config`, zana inayosoma zile faili za `.pc`, katika orodha hizi. Ikikosekana wakati skripti ya `configure`, inayokagua mashine kabla ya kukompaili, inatengenezwa kwa `autoreconf`, hupati kosa linalosema "pkg-config haipo". Unapata kioja hiki:

```
./configure: line 4482: syntax error near unexpected token `ZLIB,'
./configure: line 4482: `PKG_CHECK_MODULES(ZLIB, zlib)'
```

Inaonekana kama skripti imeharibika. Haijaharibika. `PKG_CHECK_MODULES` ni makro inayokuja na pkg-config. Makro isipokuwepo, `autoreconf` huliacha jina lake lilivyo, nalo shell hulisoma kama upuuzi. Sakinisha pkg-config, endesha `autoreconf -fi` upya, kosa limekwisha. Kurudia `./configure` peke yake hakutasaidia, kwa sababu skripti iliyokwisha kutengenezwa ni ileile yenye kasoro.

## Njia fupi: orodha ipo, imeandikwa na mwingine

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kama programu unayotaka kukompaili imo kwenye hazina za distro yako, hata ikiwa ni toleo la zamani, basi yupo mtu aliyekwisha kuikompaili huko, na ilimbidi aandike orodha kamili ya vitegemezi ili mashine za distro ziweze kuirudia kazi hiyo. Omba orodha hiyo.

Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt build-dep htop
```

Mara ya kwanza huenda ukajibiwa hivi:

```
E: You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list
```

Maana yake ni kwamba hazina za msimbo chanzo hazijawashwa. Kwenye Ubuntu 24.04 na kuendelea, mipangilio iko katika `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, na kinachotakiwa ni kubadilisha `Types: deb` kuwa `Types: deb deb-src`:

```
sudo sed -i 's/^Types: deb$/Types: deb deb-src/' /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources
sudo apt update
```

Mashine inayotumia `/etc/apt/sources.list` ya mtindo wa zamani, nakili kila mstari unaoanza na `deb` na uuandike tena ukianza na `deb-src`.

Kwenye Fedora na familia ya Red Hat:

```
sudo dnf builddep htop
```

Hii huwasha hazina za msimbo chanzo yenyewe kwa muda wa kazi hiyo. Ikisema haiijui `builddep`, sakinisha `dnf-plugins-core`.

Kwenye openSUSE ni `sudo zypper source-install -d htop`, ambapo `-d` inamaanisha "lete vitegemezi tu, msimbo wenyewe uache". Hazina ya msimbo chanzo iwe imewashwa. Amri ya `zypper lr` itakuonyesha hali yake.

Arch haina amri ya namna hiyo moja kwa moja. Unachukua folda yenye `PKGBUILD` (faili ya maelekezo ya kukitengeneza) ya kifurushi husika, unaingia ndani yake, kisha:

```
makepkg -so
```

`-s` husakinisha vitegemezi, `-o` huizuia isikompaili. Gentoo ina `emerge --onlydeps`. Watumiaji wa Nix na Guix (mameneja wengine wa vifurushi) wana raha yao: `nix-shell '<nixpkgs>' -A htop` au `guix shell -D htop` hufungua shell yenye kila kitegemezi, na ukitoka nje mfumo wako uko kama ulivyokuwa.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, orodha ni ya toleo lililo kwenye distro. Ukikompaili toleo jipya zaidi, kuna kitegemezi kimoja au viwili vilivyoongezeka tangu hapo, na hivyo utavitafuta mwenyewe. Pili, jina unaloandika liwe la kifurushi chenye msimbo. Kwenye Debian, `python3` ni kifurushi kiongozi tu kinachoelekeza kwenye toleo la sasa, kwa hiyo `apt build-dep python3` haileti vitegemezi vya Python yenyewe. Andika `python3.13` kwenye Debian 13, au `python3.12` kwenye Ubuntu 24.04.

## Njia ndefu: soma kosa, uliza faili

Programu haimo kwenye distro yoyote, au njia fupi imekufikisha nusu. Sasa ni kusoma. Kila mfumo wa kukompaili una lugha yake ya kulalamika, lakini zote mwishowe hukutajia kimoja kati ya vitu vitatu: jina la heda, jina la maktaba, au jina la faili ya `.pc`.

Meson husema waziwazi:

```
meson.build:24:7: ERROR: Dependency "glib-2.0" not found, tried pkgconfig and cmake
```

Hapo `glib-2.0` ni jina la faili `glib-2.0.pc`. Si jina la kifurushi, na hapa ndipo watu hupotea, wanaandika `apt install glib-2.0` na kuambiwa hakuna.

CMake nayo hukupa ushauri ambao kwa kawaida unapaswa kuupuuza:

```
Could NOT find OpenSSL, try to set the path to OpenSSL root folder in the
system variable OPENSSL_ROOT_DIR (missing: OPENSSL_CRYPTO_LIBRARY OPENSSL_INCLUDE_DIR)
```

Usihangaike na `OPENSSL_ROOT_DIR`. Hiyo ni ya mtu aliyeweka OpenSSL mahali pa ajabu. Wewe umekosa tu kifurushi cha kukompailia. Soma mabano ya mwisho: imekosa maktaba na imekosa folda ya heda, yaani kila kilichomo kwenye `libssl-dev`.

Skripti za `configure` ndizo zenye maneno machache kuliko zote. Zinaweza kusema "no" na kuendelea, zikaja kuanguka mistari mia baadaye. Fungua `config.log`. Mwisho wa faili hiyo umejaa orodha ndefu ya vigezo. Panda juu hadi uivuke, na hapo utakuta jaribio lililoshindwa: programu ndogo ya `conftest.c`, amri ya gcc iliyotumika, na kosa halisi la kompaila likitaja heda kwa jina. Dakika mbili humo zina thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Ukishapata jina, uliza.

Kwenye Debian na Ubuntu unahitaji `apt-file`:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search -x '/usr/include/.*/?zlib\.h$'
```

Ukiandika `apt-file search zlib.h` bila kubana, utapewa kila kifurushi kilichobeba nakala yake ya zlib, navyo ni vingi. Chagua kile kinachoiweka moja kwa moja chini ya `/usr/include`, yaani `zlib1g-dev`. Kwa faili za `.pc` ni rahisi zaidi: `apt-file search /glib-2.0.pc` hukutajia kifurushi kilichoibeba.

Fedora huuliza hivi:

```
dnf provides '*/zlib.h'
```

Lakini Fedora na openSUSE zina jambo zuri zaidi, ambalo natamani distro zote zingelikuwa nalo kwa kiwango hicho. Unaweza kusakinisha kwa jina la `.pc` bila kujua jina la kifurushi:

```
sudo dnf install 'pkgconfig(zlib)' 'pkgconfig(glib-2.0)'
sudo zypper install 'pkgconfig(zlib)' 'pkgconfig(glib-2.0)'
```

Hii ina faida hata ukilijua jina. Fedora 40 iliiondoa zlib ya asili na kuweka zlib-ng inayolingana nayo. Kifurushi kikabadilika jina, lakini aliyeandika `pkgconfig(zlib)` kwenye skripti yake hakugundua chochote. Kwenye openSUSE naitegemea njia hii kuliko kutafuta heda.

Arch:

```
sudo pacman -Fy
pacman -F zlib.h
```

Kwenye Alpine, `apk info --who-owns` huzungumzia vilivyokwisha kusakinishwa tu; kwa visivyosakinishwa, tumia ukurasa wa kutafuta yaliyomo kwenye tovuti ya vifurushi ya Alpine.

Baada ya kusakinisha, hakikisha kabla ya kukompaili tena:

```
pkg-config --modversion zlib
pkg-config --cflags --libs glib-2.0
```

Ikijibu, kompaila nayo itaona.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hurudisha watu nyuma wakiwa wamekwisha kushinda: kumbukumbu ya jaribio la awali. CMake huhifadhi majibu ya baadhi ya majaribio yake, hata yaliyoshindwa, na haijisumbui kuyarudia. Futa folda ya kukompailia, au tumia `cmake --fresh` kama unayo 3.24 au zaidi. Meson ina `meson setup --wipe build`. Kwa autotools (miradi yenye skripti ya `configure`), `make distclean` halafu `./configure` upya.

## Majina yanavyotofautiana

Hizi ndizo maktaba ninazokutana nazo mara nyingi. Mpangilio ni Debian, Fedora, openSUSE, Arch, Alpine.

- zlib: `zlib1g-dev`, `zlib-ng-compat-devel`, `zlib-devel`, `zlib`, `zlib-dev`
- OpenSSL: `libssl-dev`, `openssl-devel`, `libopenssl-devel`, `openssl`, `openssl-dev`
- curl: `libcurl4-openssl-dev`, `libcurl-devel`, `libcurl-devel`, `curl`, `curl-dev`
- SQLite: `libsqlite3-dev`, `sqlite-devel`, `sqlite3-devel`, `sqlite`, `sqlite-dev`
- ncurses: `libncurses-dev`, `ncurses-devel`, `ncurses-devel`, `ncurses`, `ncurses-dev`
- bzip2: `libbz2-dev`, `bzip2-devel`, `libbz2-devel`, `bzip2`, `bzip2-dev`
- lzma: `liblzma-dev`, `xz-devel`, `xz-devel`, `xz`, `xz-dev`
- libffi: `libffi-dev`, `libffi-devel`, `libffi-devel`, `libffi`, `libffi-dev`

Tazama lzma: Debian huita kifurushi kwa jina la maktaba, wengine kwa jina la mradi. Ukiona maelekezo ya zamani yanataja `libncurses5-dev` au `python-dev`, ya leo ni `libncurses-dev` na `python3-dev`.

## Kukompaili kukifaulu na bado kukakosea

Kosa linalosimamisha kazi ni zuri, kwa kuwa unaliona. Baya ni lile la programu inayokubali kukompailiwa bila baadhi ya viungo vyake. Python ni mfano mzuri. Niliwahi kuikompaili kwenye seva, nikaona `make` imemaliza salama, nikaisakinisha na kuondoka zangu. Kesho yake pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ikagoma:

```
WARNING: pip is configured with locations that require TLS/SSL, however the ssl
module in Python is not available.
```

Onyo lilikuwepo tangu mwanzo, mwishoni kabisa mwa `make`, nami sikulisoma:

```
The necessary bits to build these optional modules were not found:
_bz2                      _ctypes                   _lzma
_sqlite3                  _ssl                      readline
To find the necessary bits, look in configure.ac and config.log.
```

Kila jina hapo lina maktaba nyuma yake: `_ctypes` ni libffi, `_lzma` ni xz, `_ssl` ni OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi. Kwenye Debian, seti ya msingi ni hii:

```
sudo apt install libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libffi-dev liblzma-dev \
  libsqlite3-dev libreadline-dev libncurses-dev libgdbm-dev uuid-dev tk-dev
./configure --prefix=$HOME/.local
make -j$(nproc)
./python -c 'import ssl, sqlite3, bz2, lzma, ctypes, readline, zlib'
make altinstall
```

Mstari wa `import` ukikaa kimya, mambo ni sawa. Na ni `altinstall`, si `install`, ili `python3` mpya isije ikaitwa badala ya ile ambayo zana za mfumo zinaitegemea. Programu nyingine zenye tabia hii ni ffmpeg, vim na nyinginezo nyingi: soma muhtasari ambao `configure` huuchapisha mwishoni, uone kilichoandikwa "no" kama ni kitu unachokihitaji.

## Alpine ni dunia yake

Alpine haitumii glibc, maktaba ya C ya distro nyingi; inatumia nyingine iitwayo musl. Kwa hiyo kuna makosa ya heda ambayo hayana kifurushi cha kuyaponya. `execinfo.h` ni mfano: ni sehemu ya glibc, musl haina, na kifurushi cha `libexecinfo` kilichokuwa kinaziba pengo hilo kiliondolewa. Dawa ni kuzima kipengele husika kwenye `configure` au kurekebisha msimbo.

Kwenye konteina, Alpine ina mbinu safi ya kukusanya vitegemezi chini ya jina moja:

```
apk add --no-cache --virtual .build-deps build-base zlib-dev openssl-dev
make && make install
apk del .build-deps
```

Ila amri ya mwisho huondoa pia maktaba za kuendeshea zilizokuja zikiwa zimebebwa na `-dev`. Programu yako itakompailika vizuri, halafu itakataa kuwaka. Taja za kuendeshea peke yake, nje ya kundi hilo: `apk add --no-cache zlib libssl3 libcrypto3`.

## Distro ikiwa na toleo la zamani

Zana zikiwa za zamani, tatizo ni dogo: `pip install meson cmake` ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), na Rust kupitia rustup. Kwa Debian, angalia kwanza hazina ya backports, yenye matoleo mapya zaidi.

Maktaba ikiwa ya zamani, kaza moyo kidogo. Ikompaili mwenyewe, lakini usiiweke kamwe chini ya `/usr`. Huko ni himaya ya meneja wa vifurushi (apt, dnf na wenzao). Ipe makao yake, kisha waelekeze pkg-config na `ld`:

```
./configure --prefix=$HOME/.local/libfoo && make && make install
export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/.local/libfoo/lib/pkgconfig
export LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/.local/libfoo/lib"
```

Hiyo `rpath` huandika njia ya maktaba ndani ya programu yenyewe, usije ukalazimika kubeba `LD_LIBRARY_PATH` kila uendako. Chunguza tu kama faili zimeingia `lib` au `lib64`. Mifumo ya ukoo wa Red Hat hupenda ya pili.

Mara nyingi, lakini, konteina ni rahisi kuliko yote haya:

```
podman run --rm -it -v "$PWD":/src:Z -w /src debian:13 bash
```

Vitegemezi vinaingia humo na kupotea ukitoka. Chagua picha inayolingana na mashine itakayoendesha programu. Ukikompailia kwenye glibc mpya na kuendeshea kwenye ya zamani, utaona kosa la aina ya `GLIBC_2.38' not found`, na hakuna kifurushi kitakachokutoa hapo.

## Kusafisha

Vifurushi vilivyoletwa na `apt build-dep` huhesabiwa kuwa umevichagua mwenyewe, kwa hiyo `autoremove` haivigusi, na baada ya mwaka una mamia yake. Badala yake tumia `mk-build-deps`, ambayo hutengeneza kifurushi kimoja cha bandia kinachovitegemea vyote:

```
sudo apt install devscripts equivs
sudo mk-build-deps --install --remove htop
```

Kwenye Fedora, `dnf history` hukupa namba ya kila usakinishaji, na `sudo dnf history undo` ikifuatiwa na namba hiyo huurudisha nyuma.

Kabla ya kuondoa chochote, kumbuka kwamba meneja wa vifurushi hajui programu uliyoikompaili kwa mkono. Akiona hakuna kifurushi kinachohitaji maktaba fulani, ataifuta. Iulize programu yako kwanza, kisha umjulishe:

```
ldd ./htop
dpkg -S libncursesw.so.6
sudo apt-mark manual libncursesw6
sudo apt purge --autoremove htop-build-deps
ldd ./htop | grep 'not found'
```

Amri ya mwisho isipochapisha kitu, programu iko tayari kutumika.